Taa za Besi ya Baba

Nikisikia harufu ya vumbi likiungua juu ya taa za kioo ndani ya mashine ya kukuza sauti ya gitaa, narudi kwenye umri wa miaka tisa. Mwaka huo Baba aliachishwa kazi bandarini, ada ikakosekana, nami nikaacha shule.

Siku moja bendi ya hoteli moja Shanzu ilikuwa ikimjaribu Baba, mimi na Mama tukitazama. Gitaa lake la besi likanguruma tu, noti hazisikiki. Kiongozi akakunja uso.

Mama akapaza sauti, "Bwana wee, watwanga ama wapiga? Punguza huo uzito wa besi, ungoje taa zishike moto!"

Baba akapunguza, akangoja. Sauti ikatoka nene, tamu, nikaisikia kifuani.

"Kaka, kesho njoo na shati jeupe," kiongozi akasema.

Shule sikurudi; nilimfuata Baba kwenye muziki. Leo nina nyumba ya mawe Kisauni, studio, magitaa sita, na mashine mbili za taa ambazo hazigusi mtu ila mimi.