Miti Iliyokunywa Chemchemi Yetu

Baba aliponiambia nipande mikaratusi bondeni, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, naye alikuwa mtu wa kusikiliza akiambiwa kwa heshima. Nilisema, "Sawa, tata," kama tunavyowaita baba zetu huku Kisii, nikachukua jembe nikateremka.

Ilikuwa miaka ya sitini. Wapimaji wa mashamba walikuwa wakija, kilima baada ya kilima. Kila boma kwetu lilikuwa na mkanda wake wa ardhi kutoka mgongo wa kilima hadi majini: juu nyumba na chai, katikati ndizi na wimbi, halafu malisho. Chini kabisa palikuwa na kinamasi cha mafunjo kisichokuwa cha mtu. Ng'ambo ya kinamasi uliishi ukoo mwingine, na wao pia walikuwa wakikitazama. Kila mtu alijua kwamba mwenye miti mahali ndiye mwenye neno mahali hapo. Tusipopanda sisi, wangepanda wao. Tena mikaratusi ilisifiwa kwa kukausha majimaji, na sisi hilo tuliliona ni faida: kinamasi kikikauka, shamba limeongezeka.

Pembeni mwa kinamasi hicho, chini ya shamba la mdogo wangu, ndipo ilipotoka chemchemi ya kilima kizima. Maji yalipita katika gome la mgomba lililotegwa kwenye jiwe, nawe uliweka mtungi chini yake ukapiga gumzo mpaka ujae. Mdogo wangu hakusoma sana kwa sababu mimi nilisoma. Alilima kabichi hapo karibu na maji, na siku ile alikuja kusimama kando yangu nikichimba mashimo.

"Mwalimu," aliniambia. Sikuwa mwalimu, lilikuwa jina lake la kunitania. "Miti hii itakunywa nini?"

"Maji ya kinamasi."

"Na yakiisha?"

"Wewe nenda kaangalie kabichi zako."

Akacheka, akanisaidia kushindilia udongo. Miche mingine aliipanda yeye kwa mkono wake.

Wapimaji walipofika walikuta miti imesimama, wakapitisha mpaka ng'ambo yake. Wale wa upande wa pili wakakata rufaa. Baba alifariki kesi ikiendelea, na kitandani neno lake kwangu lilikuwa moja: "Ukikata miti ile, umewapa bonde." Wazee waliosikiliza kesi nao wakaagiza pasiguswe kitu chochote mpakani hadi uamuzi. Nikabaki katikati ya maneno hayo mawili, na miti ikazidi kurefuka.

Wakati huo cheti changu kilikuwa kimenipatia kazi ya kupima mito. Asubuhi na jioni nilishuka darajani kusoma ubao wa chuma wenye namba uliosimikwa majini. Baadaye nikapewa kuzunguka kwenye mbao nyingine, upande wa Nyamira na upande wa Nyamache. Miaka ya sabini mvua ikapungua, maji yakashuka namba baada ya namba. Mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakatokeza, na akina mama wakawa wanafulia katikati ya mto, mahali ambapo zamani mtoto angezama.

Gome la mgomba kwenye chemchemi yetu likaanza kutoa maji kama uzi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Kilima chetu ni cha Wasabato. Maji ya Sabato huchotwa Ijumaa kabla jua halijazama, kwani likishazama Sabato imeingia, hakuna kuchota. Ijumaa moja nilitoka kazini nikakuta foleni imepanda hadi kwenye ndizi.

"Mpisheni shemeji yake mwenye miti," mama mmoja alisema. "Miti yake imeshakunywa, sasa ni zamu yake."

Wakacheka kidogo. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa ndiye aliyefikiwa na zamu. Hakugeuka. Jua lilipogusa kilima cha upande wa pili, debe lake lilikuwa halijafika nusu. Alingoja kidogo, akaliinua, akajitwika. Waliobaki nyuma yake walirudi nyumbani na vyombo vitupu, wakinipita mmoja mmoja wakiniamkia kwa adabu. Ile adabu iliniuma kuliko kicheko.

Mvua ilirudi. Namba kwenye ubao zilipanda upesi hata nikamwambia mdogo wangu, "Vumilia, chemchemi inarudi." Nilikuwa nasema kama mtu wa maji. Mto ulirudi ndani ya majuma machache. Chemchemi haikurudi.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri katika mizunguko yangu. Mto una maji ya aina mbili. Kuna yanayotoka mbinguni na kuteremka juu ya ardhi. Hayo huja na mvua na huenda nayo. Kuna yale ambayo kilima kimeyameza msimu hadi msimu, kikayatoa polepole chini, na hayo ndiyo yanayoendesha mto wakati wa kiangazi. Ukame wa juu huisha siku mvua inaponyesha. Wa chini hubaki hata watu wakikanyaga matope. Niliposimama mahali ambapo kinamasi kilikuwa bado kinamasi, kijito kilitiririka hata Januari ya kiangazi. Penye mikaratusi, kijito kiliisha na mvua. Kutoka Nyamira hadi Nyamache niliona mabonde yaliyopandwa kama letu, katika miaka ileile, kwa sababu ileile ya kushika mpaka. Kila bonde lilikuwa na baba yake, na mwana aliyesema sawa.

Sikumwambia mtu. Lakini mdogo wangu hakuhitaji kuambiwa. Alikuja kwangu akiwa na shoka.

"Tukate," alisema. "Wewe na mimi. Leo."

"Kesi haijaisha."

"Kesi ni ya bonde. Mimi nazungumzia maji."

"Tata alisema nini?"

"Tata hachoti maji, mwana wa mama."

Alinipa mpini, mimi nikauegemeza ukutani. Nilimwambia nitafikiri. Alingoja kiangazi hicho na kingine. Kabichi zilikufa, ndama wakauzwa, halafu akauza sehemu yake akahamia upande wa Trans Mara, alikopata ardhi karibu na mto. Aliacha shoka pale pale ukutani.

Kesi tulishinda. Nikakata miti yote kwa shoka lile, na visiki vikachipuka. Nikakata tena, vikachipuka tena. Chemchemi haijarudi hadi leo.

Mdogo wangu alipofariki nilikwenda kumchukua tuje tumzike nyumbani, kama inavyopasa kwetu. Mjane wake alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe kilichojaa.

"Shemeji," akasema, "waombolezaji kule kwenu tutawapikia na maji gani?"

Nilikunywa. Tulimzika huko huko Trans Mara, na nilirudi peke yangu.

Bonde ni langu, hati ninayo. Nililipia kwa maji ya kilima kizima, na kwa mdogo wangu wa pekee, ambaye hakuzikwa nyumbani.