Nyota za Bama Zisizo na Majina

Juzi kijana mmoja aliyekuwa akibomoa dari ya nyumba kuukuu hapa Faza aliniletea kitu kimeota kutu ya kijani. "Nyanya, hii ni ya polisi?" Nilipozigusa tu zile ncha na ile herufi nikajua. Nyota ya Bama, ile waliyopewa askari wa vita vya pili waliopelekwa Bama, Burma ya Wazungu, huko Asia. Basi keti nikwambie, lakini univumilie, maana shule niliionja tu na maneno yangu hupenda kupita vichochoroni.

Mimi nimelelewa na nyanya yangu, mama mzaa mama, mshonaji wa kofia za viua. Nyumba yake ilinukia udi na mkate wa mofa. Mofa ya siku hizi siiwezi, ngumu, na meno yenyewe nimebakiwa na ya mbele. Chini ya kitanda alikuwa na bati la biskuti, na ndani si biskuti, ni nishani. Kisiwa kizima, nyumba iliyotoa askari wa vita vya Wazungu haikukosa nishani, na watoto wakizichezea. Mvuvi mmoja aliifunga ya mviringo kwenye mshipi wake iwe chubwi ya kuzamisha ndoana, na mfalme aliyechorwa juu yake akawa anazamishwa kila asubuhi kutafuta changu. Nyanya alikwenda nyumba hadi nyumba, akanywa kahawa, akaacha kofia, akarudi na nishani.

Na alizigawa kwa namna yake: zenye sura na zisizo na sura. Za mviringo zina kichwa cha mfalme, na nyuma simba. Hizo hakukubali zilale chumba anachosalia. Alizitia jikoni, mfalme akakaa jirani na chumvi. Nyota hazina sura, ni taji na maandishi tu, kwa hiyo zilikaa ndani naye. Tepe ndizo zilizozitenga. Utepe wa rangi ya mchanga ni wa Uhabeshi. Wa buluu wenye wekundu kati ni wa Bama. Mbuzi wetu alipozila tepe mbili tatu, kutambua kukawa kazi yangu, kwa herufi. Yenye herufi ya matumbo mawili, hiyo Bama.

Bama ndiko alikobaki mwanawe wa kwanza, mjomba wangu. Kaburi hatuna. Nyota yake ililetwa, ikapita mkono kwa mkono barazani watu waitazame, na ndani haikurudi. Hiyo ndiyo aliyoitafuta miaka yote. Kila nyota iliyoingia nilipewa niipapase ukingoni, kwa kuwa nishani ya fedha ya babake nyanya, ya vita vya kwanza, ilichongwa jina pale.

"Tazama vyema, mwanangu. Kutu hufita maandishi, huyaficha."

Siku moja jirani yetu, aliyerudi kutoka Bama na mguu mmoja wa kuburuta, alikuja kuchukua kofia yake. Akanikuta dakani, pale mlangoni, nasugua nyota kwa ukwaju na jivu.

"Mtoto yuatafuta nini?"

"Jina la mjomba," nikasema. "Na mbuzi amekula tepe."

"Basi huyo mbuzi sasa ni sajini, mpigieni saluti." Alicheka peke yake. Kisha akamgeukia nyanya. "Bi, usinikasirikie. Nyota za vita vyetu hazikuandikwa majina. Hata hii yangu, ukiitia ndani ya bati lako, mimi mwenyewe siijui tena."

Nyanya aliweka sindano chini. "Serikali haikuyajua majina yao?"

"Iliyajua, Bi. Ilipowaita, iliyajua."

Nilidhani atalia. Alikunja na kukunjua kitambaa cha kofia mapajani. Halafu akasema, "Wewe wawajua walobaki nti ile ya Bama?"

"Wa huku kwetu nawajua."

"Basi keti. Mtoto, mpe kahawa."

Jirani akataja jina, na jina la baba, na mtaa. Nyanya akakata kitambaa cheupe, akashona vifuko, na kila kifuko jina kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kisha akatia nyota, iwe ya nani iwe. Alasiri ikatukuta pale pale, wali haujapikwa. Jina la mwanawe hakulishona. Nikamuuliza.

"Huyo mimi namjua," akasema, macho kwenye sindano. "Hawa ndio watakaopotea."

Nyanya amekwenda, Mwenyezi Mungu amrehemu, na jirani naye. Vifuko vililiwa na mchwa. Nyumba za wale waliotajwa, nyingine ni magofu, nyingine zina watu wasionijua nikipiga hodi.

Mwezi huu nimelishona jina la mjomba upindoni mwa foronya yangu, herufi zimepinda kama njia ya kaa. Mjukuu ndiye aliyenitungia uzi. Akaniuliza huyu alikuwa mtu wa namna gani, mrefu, mfupi, mcheshi? Nikafungua kinywa nimjibu. Sikuwa na kitu ila jina.