Chang'aa ya Mbawakawa

Mwaka ule wanafunzi walipozua ghasia na chuo kikafungwa, nilirudi nyumbani Suna na begi moja la nguo na katoni ya chupa za jemu zilizojaa mbawakawa. Niliwakusanya mwenyewe kwenye vilima vya mchanga kule Turkana, weusi tititi, wengine na vumbi jeupe la nta mgongoni. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kuwapanga kwa aina zao, na mhadhiri aliitaka mezani mara milango ikifunguliwa. Bila hiyo, hakuna shahada.

Mama aliwatazama akauliza kama nilipelekwa chuo kikuu kusomea mende. Alikuwa mjane, muuza vitenge sokoni Migori, na Msabato kindakindaki. Kanisani yeye ndiye aliyeandaa meza ya Bwana: mkate usiotiwa hamira aliuoka yeye, kitambaa cheupe alikipiga pasi yeye. Huduma ile aliipenda kuliko biashara yake.

Asubuhi nilikaa verandani na lenzi na sindano, nikihesabu vipingili vya nyayo zao. Jamii yao hujitambulisha hapo: miguu ya mbele na ya kati ina vipingili vitano, ya nyuma vinne. Mama akipita na chai aliuliza, "Na huyu ana ngapi?" Nikimjibu, anaguna. Siku hizi nafanya kazi kwenye maabara yenye kila kitu, na bado nautamani mguno ule.

Shida ilikuwa spiriti ya kuwahifadhia. Chupa zilivuja safarini, na mbawakawa akikauka miguu hukatika ukimgusa tu. Duka la dawa lilikuwa limeishiwa. Nikamwambia Mama waziwazi kwamba kingine kinachofaa ni chang'aa, pombe ya kienyeji, ile kali inayotangulia kutona ikipikwa. Akasema chang'aa haitavuka mlango wake akiwa hai. Kesho yake akaniletea maji ya moto yenye chumvi tele. Kwao Homa Bay samaki huwekwa chumvi akakaa, sasa mdudu ni nani asikae?

Tukajaza chupa moja. Nilipoifungua baadaye, uvundo ulitutoa sote nje, na miguu ilikuwa imeachana na wenyewe, imetulia chini kama majani ya chai. Nililia kama mtoto. Turkana singeweza kurudi, na chupa zilizobaki zilikuwa zinakauka. Mama alichukua ile chupa akaenda kuimwaga shambani.

Ijumaa alidamka akasema anaenda kumwona dada yake Homa Bay. Alirudi jua likikaribia kutua, Sabato haijaingia, na mtungi wa mafuta ya kupikia ambao haukuwa na mafuta. Alisimulia jinsi alivyomwambia mpika pombe atie kidogo kwenye kijiko na awashe kiberiti, mpaka akaona moto umeshika.

"Weka wadudu wako, nyathina, mwanangu," akasema, "kabla sijabadilisha nia."

Nilicheka, naye akacheka huku ameziba pua.

Kumbe alionekana. Muumini mwenzetu aliyekwenda matangani upande ule alimkuta akitoka kwa mpika pombe na mtungi mkononi. Wazee wa kanisa wakamwita. Walimwuliza kama alinunua chang'aa, akakubali. Walimwuliza ni ya nani, akanyamaza. Wakamwondoa kwenye huduma ya meza.

Sabato ya meza ya Bwana ilipofika, tuliketi nyuma na wageni. Mbele, mwanamke mwingine alikuwa akikunjua kitambaa. Nilimtazama Mama, mikono yake imelala mapajani haina kazi, nikashindwa kuvumilia. Nilianza kuinuka niliambie kanisa zima kwamba ile chang'aa ilikuwa ya wadudu, na wadudu walikuwa wangu. Mama alinishika mkono akanikalisha.

"Wakijua ni yako, watasema chuo kimekuharibu, na jina hilo halitakutoka," alininong'oneza. "Wakidhani ni yangu, wataniombea."

Na kweli waliomba. Mzee wa kanisa alimtaja kwa jina, akamsihi Mungu amtoe dada yetu kwenye ulevi, na Mama, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, aliinamisha kichwa akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.