Redio Iliyokula Nyumba ya Blasius

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, na wanunuzi binafsi wakaanza kupandisha magari yao milima ya Mapera kugombania magunia ambayo zamani yalikuwa ya ushirika peke yake, watu waliingiwa na wazimu wa kila namna. Wapo walioezeka bati. Wapo waliooa mke wa pili. Blasius alinunua redio. Wala si ile redio ndogo ya mkulima, unayoitundika kwenye mkahawa huku ukipalilia. Alinunua dude la spika mbili na mahali pa kaseti, lililomeza betri kubwa nane kwa mkupuo. Wahenga walishasema, maskini akipata, matako hulia mbwata.

Alikuwa na sababu yake, tusimwonee. Baba yake alipofariki, sengu ilihamia kwake kwa kuwa ndiye mkubwa. Kwa Wamatengo, jioni wanaume wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, kila mke akaleta chakula cha nyumba yake, wakala pamoja na kukata mashauri yote papo hapo. Hiyo ndiyo sengu. Lakini Blasius hakurithi ulimi wa baba yake. Hadithi alizivuruga, mashauri aliyakata kwa hasira, na vijana walikwisha kuanza kusingizia homa. Aliiona siku inakuja ambayo atakula peke yake, na siku hiyo aliiogopa kuliko kufa. Redio ilikuja kumsemea.

Ikamsemea kweli. Taarifa ya habari, mpira, matangazo ya vifo. Watu walijaa mpaka uani. Hata mdogo wake Jerome, aliyekuwa mbishi wa kuzaliwa, alikuwa akifika mapema na kusema, "Kaka, siku hizi kwako ni mjini." Blasius alivimba kama andazi.

Sasa, betri. Zilizokuja na soko huria zilikuwa za rangi nzuri na roho fupi, zinakufa hata wiki haijaisha. Zile za kudumu zilipanda bei kila lori lilipofika kutoka Songea. Na kahawa, iliyomtia kiburi, ikaanza kuteremka. Aliyelipa tofauti hiyo ni mkewe, Celestina. Kwanza yalikatwa mafuta ya taa, akawa anapika kwa mwanga wa kuni. Ikafuata sabuni. Mwishowe ikafika zamu ya chumvi.

"Baba Tarsisi, watoto wanakula mboga chapwa," alimwambia.

"Chumvi haisomi habari," Blasius akamjibu, akaenda zake dukani.

Duka nalo likamshinda. Akaanza kufanya kama walivyofanya wengi: kuanika betri zilizochoka juani zipate uhai kidogo. Wenye bati walizianika juu ya bati. Yeye nyumba yake ilikuwa bado ya nyasi, maana bati lilikuwa limegeuka redio, kwa hiyo alizipanga kwa zamu kwenye kichanja, juu ya kahawa iliyokuwa ikikauka. Celestina alimwonya kwamba zinavuja. Aliambiwa ashughulike na sufuria zake.

Alasiri moja manyunyu yalishuka ghafla wakati mpira unatangazwa. Blasius alikimbia, akaikusanya kahawa lundo moja, akaifunika turubai betri zikiwa humo humo, akarudi mbio kwenye redio. Ukungu ukashika milima siku kadhaa. Turubai lilipofunuliwa, maji meusi yalikuwa yamepenya lundo zima.

Azizi, mnunuzi kutoka Mbinga mjini, alikuja na adabu zake zote.

"Shikamoo, mzee Blasius." Akachota kahawa kiganjani, akanusa, akanusa tena. "Hii imemwagiwa nini?"

"Ni harufu ya gunia hiyo."

"Gunia halinuki kutu, mzee wangu. Hii mtafute mwenye mafua umuuzie."

Akaagana vizuri, akapanda gari. Jasho la mwaka mzima likabaki limelala uani. Na jioni ile, mbele ya wanaume wote, Blasius alisema kwamba uzembe wa mwanamke ndio uliomponza. Celestina alikuwa amesimama pale na chakula mkononi. Akakiweka chini, akarudi jikoni. Hakuna aliyemtetea, maana wote walikuwa wakitazama redio waone kama leo itasema.

Haikusema. Na msimu huo huo Jerome, aliyekuwa amepata uwakala wa kukusanya kahawa, alileta televisheni, deki na jenereta. Hakumwalika mtu wala hakumtangazia kaka yake vita. Angefanya hivyo ingekuwa afadhali. Watu walianza kula haraka kwa Blasius na kuondoka na tonge mdomoni, halafu wakaacha hata kupita. Mkono mtupu haulambwi.

Ikafika jioni akawa ameketi kwenye sengu peke yake. Celestina akatoka jikoni na ugali na maharage. Blasius akasogeza kigoda kumpisha aweke. Mkewe akampita.

"Unakwenda wapi na chakula?"

"Chakula cha wanaume kinapelekwa waliko wanaume," alisema Celestina. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na akaendelea na njia.

Blasius aliketi kidogo, njaa na aibu vikishindana, na njaa ikashinda. Akakifuata chakula chake mpaka kwa Jerome. Ndani kulikuwa na mkanda wa Wachina wanaorushiana mateke. Akasimama mlangoni, akingoja vijana wainuke wamwamkie na kumpisha kiti, kama anavyopishwa mkubwa wa ukoo. Hakuna aliyegeuka. Kisha sauti ikatoka chini, kwenye mkeka.

"Wewe uliyesimama hapo, unatuziba."

Alikuwa Tarsisi, mwanawe wa kwanza. Huenda hakumtambua, na sioni kama hilo lilikuwa nafuu. Blasius akaketi chini kati ya watoto, na mtu fulani akampitishia tonge la ugali uliopoa bila kumtazama.

Kesho yake alifika mapema, apate mahali pazuri pa kuona.