Homa ya Mara ya Tatu

Nilirudi darasani nikiwa na mke, watoto wawili, na miaka sita ya kazi ya utabibu katika kituo cha afya upande wa Soitsambu, huko kwetu Loliondo. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, njia ya mtu kama mimi ilikuwa hiyo: unafanya kazi kwanza, wakubwa wanakuona, ndipo unaitwa kusoma miaka miwili zaidi uwe daktari msaidizi. Ukifaulu, unaruhusiwa kushika kisu cha upasuaji.

Mwaka wa pili tulipelekwa hospitalini kwa mazoezi, na mimi nikapangiwa Karatu. Tulikuwa wanafunzi wanne, watu wazima sote, tukilala katika chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia wagonjwa wakikohoa kabla hatujaiona wodi yenyewe. Vitu vilikuwa haba. Glovu tulizifua, tukazianika kwenye kamba kama soksi, kisha tukazipaka poda na kuzichemsha upya. Sindano zilikuwa za kioo, nazo ziliimba ndani ya sufuria kila asubuhi. Nilizoea mapema, na nikiri kwamba niliyapenda maisha yale. Miaka sita nilikuwa nimefanya kazi peke yangu, bila mtu wa kumuuliza lolote. Sasa nilikuwa na watu watatu wa kubishana nao hadi ugali unapoa.

Tabu yangu ilikuwa lugha. Mimi ni Mmasai, na akina mama wengi wa vijiji vya Karatu, hasa wenye umri, walizungumza Kiiraqw tu. Waliponiona nimevaa koti jeupe walitazama kwanza masikio yangu yaliyotobolewa, kisha wakamtazama muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, kama wanaomuuliza kama ana hakika na mtu huyu. Muuguzi huyo alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa hapo hapo, na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Mbele ya wagonjwa aliniita daktari. Tukiwa wawili aliniita mwanangu, na aliniambia wazi nikikosea.

Mwalimu wetu alikuwa daktari mkuu wa hospitali, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kumgusa mgonjwa au kuomba kipimo, ilikuwa lazima ujaze ukurasa mzima wa maelezo yake kwa mkono: ameanza kuumwa lini, anakula nini, anafanya kazi gani. Sisi wazoefu tuliona ni kazi ya watoto wa shule. Kituoni kwangu niliona watu sitini kwa siku, na homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo.

Jumatatu moja aliletwa mwanamke kijana, mke wa mkulima, mwenye mimba ya miezi saba. Alikuwa na homa kali, kichwa kinamgonga, viungo vyote vinauma. Ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili alikuwa amepewa klorokwini katika zahanati ya kijijini kwao, mara mbili akapata nafuu, na mara mbili homa ikarudi baada ya wiki na siku kadhaa. Nilijaza nusu ukurasa. Kwenye raundi ya asubuhi nikasimama kando ya kitanda na kueleza kwa sauti ya mtu anayejiamini kwamba hii ni malaria sugu, na kwamba napendekeza kwinini.

Daktari mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Amelala wapi?"

Nikamjibu kwamba amelala kitanda namba saba. Wenzangu wakatazama viatu vyao.

"Kwao," akasema kwa upole. "Kwao alikuwa akilala wapi, kabla ya homa ya kwanza?"

Sikujua. Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Alirudisha karatasi yangu, akaniambia nusu iliyobaki bado ni nyeupe, akasogea kitanda cha pili.

Raundi ilipokwisha nilimwomba muuguzi mkuu turudi wote. Alivuta kiti, akakaa karibu na mgonjwa, na wakaanza kuzungumza Kiiraqw taratibu kama watu waliokutana sokoni. Mimi nilikaa na kalamu nikingoja. Ilichukua muda mrefu, na nilichotafsiriwa kilikuwa kifupi. Mama mkwe wa mgonjwa alikuwa ameanguka akaumia nyonga. Mgonjwa wetu akahamia kwake majuma mawili ili amhudumie. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya zamani, ya udongo mtupu, nusu yake imezama kwenye mteremko wa kilima, paa la tope. Alikuwa akilala chini kwenye ngozi, pembeni mwa ukuta.

"Anasema aliamka ana alama za kuumwa na wadudu, lakini hakuwasikia," muuguzi akamalizia. Kisha akanitazama. "Papasi, mwanangu. Nyumba zile tumezaliwa ndani yake. Tunawajua."

Nilijua homa ya papasi, wale kupe wa nyumba za udongo, kwa kitabu. Nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani. Lakini sikuwahi kuiona, na bila shaka niliwahi kuipita bila kuitambua. Nilimtoa damu wakati homa imepanda, nikaipeleka maabara mwenyewe. Siku hiyo umeme haukuwapo, kwa hiyo fundi wa maabara aliisogeza hadubini dirishani, akageuza kioo chake kidogo kulielekea jua. Alitafuta kidogo, akaniachia nafasi. Katikati ya chembe za damu niliviona vijidudu: nyuzi nyembamba za zambarau, zimejikunja kama nywele iliyosokotwa. Sijui nilitazama kwa muda gani. Fundi alilazimika kunikumbusha kwamba kuna wengine wanasubiri.

Daktari mkuu alikubali, akaandika dozi ndogo ya penisilini, sindano moja tu. Akanionya kwamba saa chache baada ya sindano mgonjwa atazidiwa, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi kwa pamoja, na kwamba nisiondoke kando ya kitanda chake. Nilimchoma saa nne asubuhi. Niliweka dripu tayari, kipimajoto, maji ya kumpangusa. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa kimoja: sikuwaambia watu wake.

Saa sita ilipokaribia alianza kutetemeka. Kitanda cha chuma kilitetemeka pamoja naye. Joto likapanda, presha ikashuka, macho yakazunguka. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja na mkongojo ili amwone, alisimama wima kwa mguu wake mbovu na kusema maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Muuguzi mkuu alinitafsiria hata hivyo.

"Anasema mkwe wake alikuwa anaongea mpaka ulipomchoma. Anauliza umemchoma nini."

Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika dripu, mwingine kitambaa cha kumpangusia. Nilimwambia muuguzi amweleze kwamba dawa ndiyo inapigana, kwamba itakuwa hivi mpaka alasiri, kwamba nilipaswa kumwambia mapema na sikumwambia, na kwamba hilo ni kosa langu. Mama yule aliuegemeza mkongojo wake kitandani. Kisha akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakilowesha, akaanza kumpangusa mkwe wake paji la uso. Tulifanya kazi hivyo, yeye upande huu, mimi upande ule, bila lugha. Kila baada ya dakika chache niliweka bomba la mbao tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Uliendelea kupiga, haraka kama wa ndege.

Kufikia saa kumi jasho lilimtoka mpaka shuka zikabadilishwa mara mbili. Homa ikashuka, na akaomba uji. Nilitoka nje ya wodi, nikakaa kwenye ngazi, nikajaza ile nusu ya ukurasa.

Alipona. Wiki mbili baadaye nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe wake pamoja na bwana afya, aliyepuliza dawa kwenye nyufa za kuta. Tulimwonyesha mama mkwe papasi waliojificha kwenye vumbi, wamejikunja kama punje za udongo, naye akacheka, kwani ndiye angepaswa kutuonyesha sisi. Mwanawe alikuwa tayari amemtengenezea kitanda cha mbao chenye miguu mirefu. Tulipikiwa makande. Nilipokuwa nakula, mama alisema jambo, na mwanawe akasita kutafsiri.

"Anasema baba yetu, alipokuwa kijana, alichukuliwa ng'ombe na watu wenu," akasema hatimaye. "Anauliza kama umekuja kuwarudisha."

Nikasema babu yangu naye alidai hivyo hivyo juu ya watu wao, ila mimi nimeleta dawa tu. Alicheka hadi akashika nyonga yake, na akaniongezea makande.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, siku ambayo nilikuwa chumba cha upasuaji nikijifunza kupasua ngiri. Walinipa habari wakati nanawa mikono.

Nilifaulu mtihani wa mwisho na kupangiwa kazi tena Loliondo. Lori lilinishusha nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa amechinja mbuzi, watoto wamerefuka, na baba yangu alikuwa amekaa na wazee wenzake, akinisubiri na swali alilolihifadhi. Nilimweleza nilivyojifunza kumtoa mtoto tumboni kwa kisu, na mama na mtoto wakaishi. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akataka kujua kuhusu ng'ombe wake mweusi aliyekuwa akichechemea mguu wa nyuma. Nikamwambia kwamba ng'ombe hatukusomeshwa.

"Miaka miwili yote?" akasema, akawageukia wazee wenzake kwa huzuni ya kweli.

Jioni ile nilikwenda zizini kumtazama ng'ombe yule. Ulikuwa ni mwiba.