Mti Unafikaje Kushoto?

Baba yangu huchonga akiwa ameketi chini, kipande cha mti amekibana kwa kisigino cha kulia, tezo mkononi. Ndivyo alivyofundishwa Ukambani, na ndivyo anavyofanya kazi nje ya nyumba yetu Ziwani. Kwa hiyo visigino vyake vilipoanza kuuma, mjomba, mchongaji mwenzake, alitoa hukumu papo hapo.

"Shemeji, huo ni mti. Umekuumiza miaka yote hii. Pumzika, ama uache kazi kabisa ukauze vinyago vya wenzako."

Baba akapumzika. Wiki tatu hakugusa tezo, na wiki tatu nilimwona akizidi kuumia. Asubuhi alikanyaga kwa vidole, ameshika ukuta. Akishazunguka ua mara kadhaa, maumivu yalilegea. Hilo lilinisumbua. Mguu uliochoshwa na kazi si ungefurahia mapumziko? Tena alibana mti kwa kisigino cha kulia, ilhali kilichovimba zaidi kilikuwa cha kushoto. Sote tulikuwa tukikitazama kila siku.

"Baba, mti unafikaje kushoto?" nikamuuliza tukila.

"Digrii imeanza kuongea," akamwambia mama.

"Si ujibu?" mama akasema.

Kesho yake alikubali twende hospitali, kwa sharti kwamba ninyamaze. Sikunyamaza.

Daktari alianza na mgongo. Je, huamka umekakamaa? Baba akacheka. "Tangu ujana." Picha ilionyesha mfupa wa kisigino umelika pale unaposhikana na ule ukano mnene wa nyuma ya mguu. Daktari akaeleza kwamba kinga ya mwili ilikuwa ikishambulia hapo na kuleta uvimbe. Kwa nini hapo hasa? nikauliza. Akasema mengine bado hayajulikani, na nikampenda kwa kukiri hivyo.

"Kumbe askari wa geti anampiga mwenye nyumba," baba akasema. Kisha akauliza lile lililomkosesha usingizi: "Niache kuchonga?"

"Usiache. Kukaa bure ndiko kunakokukakamaza. Utumie dawa, na kila nusu saa uinuke utembee."

Jumatatu aliketi chini na kipande kipya. Mjomba akaja kuuliza ni nani aliyemruhusu.

"Daktari. Sogea, unanizibia mwanga."

Kazi ya kumwinua kila nusu saa nimepewa mimi. Hunigombeza kila mara, kisha huinuka.