Barua Iliyosema Ni Mimi Tu

Karatasi ilikwaruza sakafu chini ya mlango wangu, kabla hakujapambazuka.

Nikadhani panya. Kumbe barua, haina jina.

"Bibi Ersilia, jengo zima linakuamini wewe tu. Bawabu Nazzareno amejifanya mfalme wa ngazi. Ijumaa kikaoni, nyoosha mkono kumfukuza. Wengine watakufuata."

Wajukuu, nina miaka sabini na tisa. Hapa Roma, mtu wa mwisho kuhitaji mkono wangu alikuwa marehemu mume wangu, akitaka nimkune mgongo.

Kichwa kilivimba. Nikaenda hadi saluni!

Lakini ile kura haikuwa mchezo. Bawabu akifukuzwa, anapoteza kazi pamoja na vyumba viwili vya chini anamoishi na mkewe, Delfina.

Kikaoni akasimama Fulvio wa ghorofa ya pili, ulimi asali.

"Jamani, Nazzareno mimi nampenda. Ila amechoka. Tumwonee huruma, tumpumzishe."

Nikanyoosha mkono, nikageuka kuwaona wanaonifuata.

Mikono kumi ilikuwa juu tayari! Kila mtu alikimbilia kuwa wa kwanza.

Nazzareno, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea. Alimimina mezani funguo za akiba tunazomwachia.

"Huu wako, Bibi Ersilia. Ndio niliofungulia ulipoanguka bafuni. Huu wako, Loreta. Nilimlisha paka wako Agosti nzima. Chukueni, nisije nikaondoka nazo."

Machozi yakanitoka. Loreta naye akaangua kilio.

"Nisamehe! Barua ilisema wananiamini mimi tu!"

"Wewe? Si mimi?" jirani yake akabwata.

Barua zikatoka mifukoni. Kumi na moja, neno kwa neno.

Mtu mmoja tu hakuwa nayo.

"Yangu... nimeisahau nyumbani," akasema Fulvio.

"Unataka vyumba vyake uweke pikipiki yako, mshenzi wewe!" Loreta akamfokea.

Kikanuka. Kura ikarudiwa, Nazzareno akabaki.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi. Delfina akacheka hadi akashika mbavu.

"Bibi, tulishasikia minong'ono. Zile funguo amezifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo. Mimi ndiye niliyemwambia aanze na wako, maana wewe hukawii kulia."

Tumechezewa mara mbili kwenye kikao kimoja!

Ila bafuni nilianguka kweli. Na yeye alikuja kweli, akanifunika shuka huku ametazama pembeni.

Kwa hiyo wajukuu, mtu akikwambia ni wewe tu unayeaminika, muulize kawaambia wangapi.

Sasa jengo zima halimsalimii Fulvio. Jumapili nikampelekea supu ya dengu. Alikula kichwa chini, akaosha bakuli mwenyewe, akalifuta vizuri.

Nikaaga. Akanifuata hadi mlangoni.

"Bibi, utakuja tena? Hata bila supu."